Tulipokuwa Wageni Mlimba

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo, Makambako



Tumeombwa tuzungumze juu ya maisha ya mtu aliye mgeni kazini, mbali na kwao. Tumekubali, maana jambo hili tunalijua. Hatukulisoma kitabuni. Lilitupata miguuni, tumboni na kichwani.

Sisi tunaozungumza leo ni wazee watatu. Karatasi hii ameiandika mmoja wetu, na wawili tumesikiliza na kusahihisha. Basi tukisema "sisi," ni sisi kweli. Wakati ule tulikuwa wanne, vijana wa Lupembe. Wa nne ametangulia mbele ya haki. Habari zake mtazisikia, na ruhusa ya kuzisema alitupa mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1972 tulisikia kwamba kule bondeni, Mlimba, kazi ya reli inataka watu. Baba zetu walikuwa wamezoea kwenda mbali kutafuta fedha. Walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Sisi tukasema, Tanga ni mbali, Mlimba ni hapa chini tu. Kumbe kilomita si kipimo cha ugeni. Mtu anaweza kuwa mgeni kwa jirani.

Tulishuka kwa miguu kupitia Madeke. Tulitembea siku tatu. Siku ya kwanza tulivaa makoti, maana mnajua baridi ya kwetu. Siku ya pili tuliyavua. Siku ya tatu tuliyabeba kichwani, na jasho linatiririka. Miti ilikuwa mirefu, imefungamana juu kama paa la nyumba. Mchana kulikuwa na kiza. Mbega walirukaruka juu yetu, na maji yalidondoka kutoka kwenye majani hata mvua ilipokuwa imekatika. Mtoni tulivushwa kwa mtumbwi na mzee wa Kindamba. Sisi watu wa milimani hatukujua hata namna ya kukaa katika mtumbwi. Mmoja wetu alisimama, nusura atuzamishe sote. Yule mzee alisema neno moja tu: "Kaa." Hilo ndilo lilikuwa somo letu la kwanza la ugeni. Mgeni akiambiwa akae, akae!

Sasa, kwa vijana ambao hawakuwako, tueleze kidogo habari za reli hii.

Nchi ya Zambia haina bahari. Shaba yake ilikuwa ikipita kusini, katika nchi zilizotawaliwa na makaburu na walowezi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ikabanwa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakatafuta njia ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia iliona reli hiyo haina faida. China ikakubali. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, na ujenzi ukafunguliwa Oktoba 1970. China ilikopesha yuani milioni 988 bila riba. Reli yote ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mlimba ni kilomita 502. Kipande hicho kilikwisha upesi, mwezi Novemba 1971. Lakini kutoka Mlimba kupanda mpaka hapa Makambako, mwendo wa kilomita 157 hivi, hapo ndipo watu walipoonja kazi. Mlimba iko chini bondeni. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Katikati kuna mlima, msitu, makorongo na matope. Ilibidi kutoboa mahandaki katika miamba na kujenga madaraja marefu. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa mita 50. Nenda ukasimame chini yake uangalie juu, kofia itakudondoka.

Huko ndiko tulikoajiriwa, kubeba mawe na zege, kuchimba na kusukuma toroli. Mwaka ule wa 1972 kazi ilipopamba moto, walikuwako Wachina wapatao 13,000 na wafanyakazi wa Kitanzania na Kizambia zaidi ya 30,000 katika reli yote.

Kwa hiyo, ndugu zetu, pale msituni walikuwako wageni wa aina mbili. Walikuwako Wachina, waliovuka bahari. Tulikuwako na sisi wa nyanda za juu, tulioteremka mlima. Kila mmoja alidhani mgeni ni yule mwenzake.

Hebu tuanze na makosa yetu sisi.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja wa Kindamba. Alitupikia wali na samaki. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya tatu tukaanza kunong'ona, "Hivi huku hawana ugali?" Tukataka na viazi. Tukaulizia hata ulanzi! Yule mama alitusikia. Akasema, "Wanangu, mgeni hula alichokikuta. Mkitaka cha kwenu, pandeni." Tuliona aibu, tukanyamaza, tukala wali.

Halafu ikaja homa. Mwenzetu wa nne alianza kutetemeka usiku. Meno yalimgonga, mwili ukawaka moto, akasema maneno yasiyoeleweka. Sisi tulifikiri nini? Tulifikiri amerogwa. Tukakumbuka kwamba jana yake alibishana na mtu pale kisimani. Tukasema, watu wa mtoni hawa wametuonea wivu. Tukafunga mizigo ili tumbebe usiku uleule, turudi naye milimani kwa mganga wa kwetu. Siku tatu za njia, na mtu mahututi!

Yule mama alisimama mlangoni. Akasema, "Mnampeleka wapi? Hiyo ni homa ya mbu. Huku kila mtoto anaijua. Mkimtoa leo, mtamzika njiani." Alichemsha uji, akatutuma kwenye zahanati ya kambi na taa yake ya kandili mkononi. Mwenzetu alipewa vidonge vya klorokwini. Vilikuwa vichungu, na mwili ulimwasha mpaka akajikuna kama aliyeingia kwenye upupu. Lakini alipona.

Ndugu zetu, kama si mama yule, tungemwua mwenzetu kwa mikono yetu, tukidhani tunamwokoa. Na tungemsingizia mtu ambaye hakufanya lolote.

Baadaye tulielezwa sababu. Malaria huletwa na mbu. Kwetu milimani, kwa ajili ya baridi, mbu hao walikuwa wachache, na vijidudu vya malaria havikui upesi ndani yao. Kwa hiyo mtu aliyekulia Njombe hana kinga ya kutosha mwilini. Mtu wa bondeni ameugua tangu utotoni, na akivuka umri huo mwili wake hupata kinga kidogo. Mtu wa milimani akiteremka, homa humpiga kwa nguvu zote. Leo klorokwini haitumiki tena kwetu kutibu malaria, kwa kuwa vijidudu viliizoea. Kuna kipimo cha haraka cha damu na kuna dawa ya mseto. Vipo pia vyandarua vyenye dawa. Kijana wa Njombe anayekwenda bondeni leo asiseme "mimi ni mzima." Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na akipata homa akapimwe siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa wageni wa pili, Wachina.

Mwanzoni tuliwaogopa. Tulisikia kila namna ya uvumi. Tulipowaona tulishangaa. Hakuna aliyekuwa na mke wala mtoto pale. Wengi walikaa miaka miwili ndipo warudi kwao. Walivaa nguo za namna moja. Mkubwa na mdogo hukuweza kuwatambua kwa nguo. Na mkubwa alishika chepe kama sisi. Hilo lilitushangaza kuliko yote, maana sisi tulizoea kwamba msimamizi husimama kivulini akanyoosha kidole. Wale walikufundisha kwa kufanya. Anashika sururu, anapiga mara tatu, anakupa wewe. Ukikosea anaichukua tena.

Jioni walilima bustani. Penye kambi ya Wachina palikuwa na mboga. Tukamkumbuka mama mwenye nyumba. Wale hawakulalamika kwamba Mlimba haina mboga za kwao. Walipanda.

Msitu ule haukuwapendelea. Mvua iliwanyea, mbu waliwauma, nyoka waliingia katika mahema yao kama walivyoingia kwetu. Hata kabla ya ujenzi, wakati wa kupima njia, mtaalamu mmoja wa Kichina alikufa kwa kuumwa na nyuki. Jumla ya Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na Watanzania na Wazambia wengi pia. Dar es Salaam, Gongo la Mboto, yako makaburi ya Wachina. Watu hao walikuwa na mama zao huko kwao, waliongojea barua.

Na hapa, ndugu wahitimu, tunafika kwenye jambo lenyewe tuliloliitia mkutano huu.

Katika kundi letu alikuwako fundi mmoja wa Kichina. Alituita "rafiki," nasi tukamwita "rafiki." Jina lake hatukuweza kulitamka vizuri, na yeye majina yetu yalimshinda. Mfukoni alikuwa na kijitabu kidogo na kalamu. Wakati wa kupumzika alinyoosha kidole kwenye kitu. "Rafiki, hii nini?" Tunamwambia, "Jiwe." Anaandika. "Hii nini?" "Mvua." Anaandika. Kando yake anachora alama za kwao. Kila siku maneno matano, maneno kumi. Usiku tulimwona chini ya taa anayasoma kwa sauti.

Siku moja alitupa kile kijitabu. Akaonyesha maneno aliyoyaandika, akauliza, "Sawa?"

Tulikitazama. Tulikipokezana mkono kwa mkono. Tukatikisa vichwa. "Sawa, rafiki. Sawa sawa."

Hatukujua kusoma hata herufi moja.

Yeye alifurahi. Sisi usiku ule hatukuzungumza sana. Mtu ametoka China, anaandika Kiswahili. Sisi tuna Kiswahili mdomoni, lakini kwenye karatasi hatukijui. Ni nani sasa mgeni wa lugha hii?

Haya, aibu hiyo tungeisahau. Lakini likaja jambo la pili, ambalo hatukulisahau.

Mwenzetu yule aliyeugua alipata barua kutoka nyumbani. Aliletewa na mtu aliyepita. Aliipokea, akaitia mfukoni. Tukamwuliza, "Habari za nyumbani?" Akasema, "Nzuri." Kumbe hakuisoma, maana hakuweza. Na hakutaka kumpa mtu amsomee. Alikuwa na sababu. Barua ya kwanza alisomewa na kijana mmoja wa kambini, na jioni yake kambi nzima ilijua kwamba mchumba wake anadaiwa mahari. Walimcheka wiki nzima. Safari hii alisema moyoni, nitangoja nipate mtu mwaminifu.

Alingoja siku tisa. Barua ilikuwa mfukoni, ikaloa jasho na mvua.

Siku ya kumi alimpa kijana aliyemaliza darasa la saba, mtu mpole. Kijana aliisoma kimya kwanza. Akamtazama. Halafu akasoma kwa sauti: "Mama yako ni mgonjwa sana. Anakuita. Njoo upesi."

Aliondoka saa ileile. Hakungoja ujira wake. Alipanda mlima siku tatu peke yake. Alipofika, walikuwa wamemzika mama yake siku nne zilizopita.

Hesabuni wenyewe. Kama angeisoma siku ile aliyoipokea, angemkuta hai.

Hakurudi tena kazini. Ujira wake tulimpelekea sisi. Alituambia, "Msinipe pole. Nifundisheni kusoma." Tukamwambia hatujui. Akasema, "Basi tutafute anayejua."

Sisi tulibaki mpaka reli ilipofika huku juu. Kijana yule wa darasa la saba tulimwomba atufundishe usiku. Ubao wetu ulikuwa kipande cha bati, chaki yetu mkaa. Baada ya mwezi kila mmoja aliweza kuandika jina lake. Siku ya mshahara tuliandika majina yetu badala ya kutia dole gumba. Karani alitutazama kwa mshangao, akacheka, akatupa mkono.

Mwezi Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma. Mwaka 1975 ilifika Kapiri Mposhi, na tarehe 14 Julai 1976 ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia. Rafiki yetu Mchina aliondoka kabla ya hapo. Wakati wa kuagana alichana ukurasa mmoja wa kijitabu chake, akatupa uwe ukumbusho. Tuliuhifadhi.

Nyumbani tulimkuta mwenzetu amekwisha kujiandikisha katika darasa la kisomo, wa kwanza kijijini. Tukaingia na sisi. Mnakumbuka miaka ile. Serikali ilikuwa imetaka ujinga wa kutojua kusoma ufutwe. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100, karibu 70 hawakujua kusoma. Ulipofanyika mtihani wa taifa mwezi Agosti 1975, hesabu hiyo ilishuka hadi 39. Katika waliofaulu mwaka ule tulikuwamo sisi wanne.

Baada ya mtihani tuliutoa ule ukurasa wa Mchina. Tukausoma kwa mara ya kwanza. Lo! Badala ya "jiwe" ameandika "juwe." Badala ya "mvua" ameandika "mfua." Na sisi tulimwambia sawa sawa! Tulicheka mpaka machozi yakatoka. Halafu mwenzetu mmoja akasema, "Maskini, ametuamini sisi wenyeji." Kicheko kikaisha.

Ndugu zetu, kwa nini tunayasema haya leo?

Tunayasema kwa kuwa siku zile zinarudi kwa sura nyingine. Makambako yetu imekuwa mji kwa sababu ya reli ile na njia panda ya kwenda Njombe na Songea. Kila siku wageni wanashuka hapa. Mwezi Septemba 2024, huko Beijing, mbele ya viongozi wa China, Tanzania na Zambia, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kufufua reli hii. Kazi ikija, wageni watakuja. Na vijana wetu watateremka tena bondeni, au watakwenda mbali zaidi, kama Wakinga na Wabena walivyozoea kwenda kila mahali kutafuta maisha.

Basi kwa kijana anayekwenda, tunasema hivi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa jembe, liombe. Jifunze salamu za watu uliowakuta kabla hujajifunza bei za vitu vyao. Uliza juu ya maji, nyoka na homa, na ukijibiwa, sikia. Usimshuku mwenyeji kwa jambo usilolijua. Tena, usitie sahihi mkataba ambao hujausoma. Msiseme barua zimekwisha siku hizi. Ujumbe wa simu nao ni barua. Asiyejua kusoma bado anampa mtu mwingine simu yake, na siri yake, na siku zake tisa.

Kwa mwenyeji tunasema, mgeni akikuuliza neno, mpe lililo sahihi. Kama hujui, sema hujui. Sisi tulisema "sawa sawa" kwa kuona haya, na rafiki yetu akarudi kwao na makosa yetu mfukoni.

Na kwenu wahitimu. Kila mmoja wenu anamjua mtu kijijini ambaye hajui kusoma na anaficha. Mnamjua. Ana karatasi ya dawa, ana risiti ya mbolea, ana ujumbe wa mwanawe. Msimcheke. Mwenzetu alichekwa mara moja tu, akaogopa, na kuogopa kule kulimgharimu kumwona mama yake. Nenda kwake jioni, bila kelele, na kitabu cha kwanza.

Tunapenda kumalizia kwa kuwauliza maswali. Mkae vikundi vikundi mjadiliane, kama tulivyokuwa tukifanya darasani.

Kwanza, katika kijiji chako, mgeni wa mwisho kuja kufanya kazi alipokelewaje, na nani alimweleza mambo ya mahali?

Pili, ni dalili zipi za malaria ambazo mtu wa nyanda za juu asizichukulie kuwa ni uchawi au uchovu?

Tatu, ni nani kijijini kwako anayetembea leo na barua ambayo hajaisoma?

Swali la tatu msilijibu hapa kwa sauti. Lijibuni mtakapofika nyumbani.